Kubaki Kwenye Ardhi: Harakati za Raia Dhidi ya Makazi ya Walowezi katika Ukingo wa Magharibi

Makazi ya walowezi wa Kiisraeli katika Ukingo wa Magharibi yalianza miezi michache tu baada ya vita vya Juni 1967, na pingamizi la kwanza lilitoka ndani ya serikali ya Israel yenyewe. Septemba mwaka huo mshauri wa sheria wa Wizara ya Mambo ya Nje, Theodor Meron, aliandika waraka wa siri akieleza kwamba kuwapeleka raia kuishi katika ardhi iliyotekwa vitani ni kukiuka Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949, ambao Ibara yake ya 49 inaikataza dola inayokalia nchi ya wengine kuhamishia humo raia wake. Waraka ulisomwa, ukafungiwa kabatini. Mwezi huohuo walowezi wa kwanza walikwenda Kfar Etzion, kusini mwa Bethlehemu, mahali palipokuwa na kijiji cha Wayahudi kabla ya 1948. Tangu hapo serikali za Israel zimeshikilia kuwa mkataba huo hauhusu eneo hilo, kwa madai kwamba kabla ya 1967 halikuwa mali halali ya dola yoyote. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikataa hoja hiyo katika azimio namba 446 la 1979, na likarudia msimamo huo katika azimio namba 2334 la Desemba 2016.

Mji wa Hebron, ambao Waarabu huuita Al-Khalil, ndio ulioonyesha mapema jinsi makazi yangekuwa yakianzishwa. Ni mji mtakatifu kwa Wayahudi na Waislamu kwa sababu ya kaburi la Nabii Ibrahimu, na ulikuwa na jumuiya ya kale ya Kiyahudi hadi Agosti 1929, Wayahudi 67 walipouawa katika ghasia za Waarabu. Wakati wa Pasaka ya Kiyahudi ya Aprili 1968, Rabi Moshe Levinger na wenzake walikodi vyumba katika Hoteli ya Park, wakasherehekea sikukuu, kisha wakagoma kuondoka. Serikali haikuwabariki wala haikuwafukuza. Iliwahamishia katika kambi ya jeshi, na baada ya miaka michache ikawajengea Kiryat Arba pembezoni mwa mji. Utaratibu ukawa huo: kundi dogo linakwenda bila ruhusa, jeshi linalilinda, dola inakuja kuhalalisha. Gush Emunim, vuguvugu la kidini lililoanzishwa 1974, liliurithi na kuueneza milimani.

Upinzani wa wakati huo ulipitia barua na mahakama. Mwaka 1978 maofisa 348 wa jeshi la akiba la Israel walimwandikia Waziri Mkuu Menachem Begin kumtaka achague amani kuliko makazi, na barua hiyo ikazaa shirika la Peace Now. Mwaka uliofuata wakulima wa kijiji cha Rujeib, karibu na Nablus, walikwenda Mahakama Kuu ya Israel kupinga ardhi yao kutwaliwa ili kujengwa Elon Moreh. Jeshi lilidai kwamba makazi hayo yanahitajika kwa ulinzi. Walowezi wenyewe waliiharibia serikali kesi: waliiambia mahakama bila kuficha kwamba wamekuja kwa sababu Mungu aliwapa nchi hiyo, wala si kwa ajili ya jeshi. Oktoba 1979 majaji waliamuru makazi yaondolewe na wenye ardhi warudishiwe mali yao.

Ushindi wa Rujeib ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa na gharama ambayo wakulima wa vijiji vingine ndio walioilipa. Elon Moreh ilihamishiwa kilima kingine, na serikali ikaacha kutegemea amri za kijeshi za kutwaa mashamba ya watu binafsi. Badala yake ilichimbua Sheria ya Ardhi ya dola ya Ottoman ya 1858 na kuanza kutangaza kuwa mali ya serikali ardhi yoyote ambayo haikuwa imeandikishwa au haikuwa ikilimwa mfululizo. Malisho ya kijiji, miteremko ya mawe, mashamba yaliyopumzishwa, yote yaliingia humo. Mamia ya maelfu ya dunamu (kipimo cha ardhi cha huko) yalichukuliwa kwa njia hiyo, na sehemu kubwa ya makazi ya leo imesimama juu yake. Jambo hili lingejirudia mara nyingi: mahakama ilimpa mlalamikaji mmoja haki yake, na palepale ikaifundisha serikali njia salama zaidi.

Vurugu za makundi yenye siasa kali zilishika kasi katika miaka ya 1980. Mei 1980 Wapalestina wenye silaha waliwaua Wayahudi sita mjini Hebron. Mwezi mmoja baadaye, Juni 2, mabomu yaliyotegwa kwenye magari yaliwalipukia mameya wawili wa Kipalestina waliokuwa viongozi wa Kamati ya Mwongozo wa Kitaifa, iliyokuwa ikiratibu upinzani dhidi ya makazi: Bassam Shakaa wa Nablus alipoteza miguu yote miwili, na Karim Khalaf wa Ramallah akapoteza mguu. Waliofanya hivyo walikuwa mtandao wa siri wa walowezi, ambao mwaka 1983 ulishambulia pia Chuo cha Kiislamu cha Hebron na kuua wanafunzi watatu. Walikamatwa 1984. Watatu kati yao walihukumiwa kifungo cha maisha, adhabu ikapunguzwa na kupunguzwa tena, na Desemba 1990 walikuwa nje.

Hapo ndipo ilipoibuka hoja ambayo harakati zimeisimamia hadi leo, kwamba tatizo si mlowezi anayepiga tu, bali pia polisi anayefunga faili. Ilitolewa kwanza na ofisa wa serikali, Naibu Mwanasheria Mkuu Yehudit Karp, aliyeongoza uchunguzi wa jinsi malalamiko ya Wapalestina dhidi ya walowezi yanavyoshughulikiwa. Ripoti yake ya 1982 ilionyesha kuwa mengi yaliishia hewani. Serikali iliichelewesha hadi 1984 kabla ya kuichapisha. Shirika la haki za binadamu la Yesh Din, lililoanzishwa 2005, limekuwa likifuatilia mafaili hayo kwa miaka mingi na kukuta kwamba zaidi ya asilimia 90 hufungwa bila mtu kushtakiwa.

Intifada ya kwanza, yaani maasi ya Wapalestina yaliyoanza Desemba 1987, iligeuza upinzani kuwa kazi ya mitaa na vijiji: migomo, kususia bidhaa, kukataa kulipa kodi kama walivyofanya watu wa Beit Sahour mwaka 1989. Shirika la B'Tselem lilianzishwa mwaka huohuo na Waisraeli waliotaka kuandika kwa usahihi yanayotendeka katika maeneo yanayokaliwa. Mazungumzo ya amani ya Oslo yaliyofuata hayakusimamisha makazi. Mwaka 1993 walowezi wa Ukingo wa Magharibi, ukiiacha Jerusalem ya Mashariki, walikuwa kama 110,000. Leo wamezidi nusu milioni. Mkataba wa 1995 uliligawa eneo katika sehemu tatu, na Eneo C, ambalo ni takribani asilimia 60 ya ardhi yote, likabaki mikononi mwa jeshi la Israel. Visa vingi vinavyosimuliwa kuanzia hapa vimetokea Eneo C au ndani ya Hebron.

Alfajiri ya Februari 25, 1994, mwezi wa Ramadhani, daktari Baruch Goldstein wa Kiryat Arba aliingia Msikiti wa Ibrahimi wa Hebron akiwa amevaa sare za jeshi, akawamiminia risasi waumini waliokuwa katika swala. Aliua watu 29. Serikali ya Israel ililaani mauaji hayo na kukipiga marufuku chama cha Kach alichokuwa mfuasi wake, lakini waliowekewa amri ya kutotoka nje walikuwa Wapalestina wa mji huo. Msikiti uligawanywa, sehemu ya Waislamu na sehemu ya Wayahudi. Barabara ya Shuhada, iliyokuwa ateri ya biashara ya Hebron, ilifungwa kidogo kidogo hadi maduka yake yakabaki milango ya chuma iliyochomelewa. Familia ambazo nyumba zao zinatazama barabara hiyo zilizoea kutoka kwa ngazi za nyuma na mapaa ya majirani. Katika soko la zamani lililo jirani, wafanyabiashara walitandaza nyavu za waya juu ya vichochoro ili kuzuia takataka, mawe na chupa zinazotupwa kutoka ghorofa walizochukua walowezi. Maji machafu nyavu haziyazuii.

Mauaji hayo ndiyo yaliyowaleta waangalizi wa nje. Ujumbe wa kimataifa usio na silaha, ulioitwa TIPH, ulifika 1994 kwa muda mfupi, ukarudi 1996, mwaka mmoja kabla ya mji kugawanywa rasmi, na ukakaa hadi Januari 2019, serikali ya Benjamin Netanyahu ilipokataa kuuongezea muda. Timu za Kikristo za kuleta amani, CPT, ziliingia Hebron Juni 1995. Mwaka 2002 Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilianzisha mpango wa kuwapeleka wasindikizaji wa kujitolea kwa zamu za miezi mitatu, mpango ulioendelea kukua wakati baraza hilo likiongozwa na Mkenya Samuel Kobia, katibu mkuu wake kuanzia 2004 hadi 2009. Wakazi wenyewe walijipanga pia. Kundi la Youth Against Settlements, linaloongozwa na Issa Amro, lilianza mwaka 2010 kampeni ya kila Februari ya kudai Barabara ya Shuhada ifunguliwe. Amro alihukumiwa na mahakama ya kijeshi mwaka 2021 kwa makosa yaliyotokana na maandamano. Mwaka 2024 yeye na kundi lake walipewa Tuzo ya Right Livelihood nchini Sweden.

Kusini mwa Hebron milima inashuka kuelekea jangwa la Negev, na humo wafugaji wa Kipalestina wamekuwa wakiishi mapangoni na kwenye mahema, wakilisha kondoo na kulima ngano na shayiri kwa kutegemea mvua haba. Mwaka 1986 wakazi wa Susya waliondolewa kijijini kwao palipotangazwa kuwa eneo la mambo ya kale, kwa sababu ya mabaki ya sinagogi yaliyopo hapo. Mashariki yake, vijiji vya Masafer Yatta vilijikuta ndani ya Uwanja wa Mazoezi namba 918, uliotangazwa na jeshi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kumbukumbu za kikao cha mawaziri cha Julai 1981, zilizofichuliwa na watafiti wa Kiisraeli mwaka 2020, zinamwonyesha Ariel Sharon, wakati huo Waziri wa Kilimo, akilitolea jeshi ardhi zaidi ya mazoezi katika sehemu hizo ili kuzuia Waarabu wa vijiji vya milimani wasienee. Novemba 1999 jeshi liliwapakia malorini wakazi wapatao 700 na kuwatupa nje ya mpaka wa uwanja huo. Machi 2000 Mahakama Kuu ilitoa amri ya muda iliyowaruhusu kurudi, na amri hiyo ya muda ikadumu miaka 22.

Katika mwaka huohuo wa 2000 liliundwa kundi la Ta'ayush, la Wayahudi na Waarabu raia wa Israel, ambalo mpaka sasa huja milimani kila Jumamosi. Kazi yake haina fahari. Ni kusimama kando ya mfugaji anapolisha, kubeba ramani na nakala za hati, kumwonyesha askari kwamba amri anayoitumia kulifunga shamba imekwisha muda, na kukubali kukamatwa badala ya mwenyeji, kwa sababu raia wa Israel hupelekwa mahakama ya kiraia ilhali Mpalestina hupelekwa ya kijeshi. Mwanachama wake aliyejulikana zaidi alikuwa Ezra Nawi, fundi bomba wa Jerusalem aliyezaliwa katika familia ya Wayahudi kutoka Iraq, ambaye kwa kuwa alikizungumza Kiarabu vizuri hakuhitaji mkalimani pangoni. Alifariki Januari 2021.

Kijiji cha At-Tuwani ndicho kilichokuja kuwa kitovu cha harakati hizo. Watoto wa Tuba, kitongoji cha jirani, husoma hapo, na njia yao fupi hupita kati ya makazi ya Ma'on na Havat Ma'on, kituo cha walowezi kilichojengwa ndani ya kichaka bila kibali hata cha serikali ya Israel. Mwaka 2004 wasindikizaji wa kigeni waliokuwa wakitembea na watoto hao walivamiwa na watu waliofunika nyuso na kupigwa vibaya. Habari zilifika bunge la Israel, na kamati yake ikaamua kwamba jeshi ndilo litakalowasindikiza watoto kila siku ya shule. Uamuzi huo haukugusa kituo chenyewe. Kwa hiyo kwa miaka mingi watoto wachache wenye mabegi walitembea mbele au nyuma ya gari la kijeshi, na wajitolea wa shirika la Kiitalia la Operazione Colomba walikaa kilimani wakiandika saa gari lilipofika, lilichelewa kiasi gani, na siku ambazo halikuja kabisa na watoto wakazunguka njia ndefu. Machi 2005 chembe zenye sumu zilitapakazwa kwenye malisho ya kijiji hicho. Kondoo na paa walikufa, na wafugaji wakalazimika kuacha kwa muda kuuza maziwa na jibini.

Msimu wa kuvuna zeituni, Oktoba na Novemba, una historia yake. Ndio wakati mkulima anapofika kwenye miti iliyo karibu kabisa na makazi, na ndio wakati wa kupigwa, kuibiwa mavuno na kukatiwa miti. Shirika la Marabi kwa Haki za Binadamu, lililoanzishwa 1988, lilianza kuleta wavunaji wa kujitolea kutoka Israel, na aliyekuwa kiongozi wake kwa miaka mingi, Rabi Arik Ascherman, amewahi kupigwa na kutishiwa kisu milimani. Jeshi lilikuwa na desturi ya kuzuia mapambano kwa kumfukuza mkulima kwenye shamba lake mwenyewe. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilisema desturi hiyo si halali, na kwamba wajibu wa jeshi ni kumlinda mwenye shamba. Wakulima waliokuwa hawajaiona mizeituni yao kwa miaka waliruhusiwa kurudi, japo kwa siku chache za kuratibiwa kila mwaka.

Ukuta ambao Israel ilianza kuujenga 2002, wakati wa Intifada ya pili na mashambulizi ya kujitoa mhanga ndani ya Israel, ulizaa aina nyingine ya upinzani. Israel ilisema ni wa kuzuia mashambulizi. Wanavijiji waliona unapita ndani ya ardhi yao ili kuyakumbatia makazi. Watu wa kijiji cha Budrus walifanikiwa kuusogeza kwa maandamano ya 2003 na 2004. Bil'in, iliyokuwa ikipoteza zaidi ya nusu ya mashamba yake upande wa makazi ya Modi'in Illit, ilianza Februari 2005 maandamano ya kila Ijumaa baada ya swala. Waandamanaji walijifunga minyororo kwenye mizeituni, wakajifungia kwenye vizimba, na Februari 2010 walikuja wamejipaka rangi ya buluu kama viumbe wa filamu ya Avatar. Walijibiwa kwa mabomu ya machozi, na katika mvutano huo vijana walirusha mawe. Aprili 2009 Bassem Abu Rahma aliuawa na kombora la gesi lililompiga kifuani. Septemba 2007 mahakama iliamuru ukuta usogezwe, amri iliyotekelezwa Juni 2011. Siku moja tu baada ya amri hiyo ya 2007, mahakama hiyohiyo iliruhusu kubaki kwa mtaa wa walowezi uliokwisha kujengwa juu ya sehemu nyingine ya ardhi ya Bil'in.

Silaha iliyobadilisha harakati hizi kuliko nyingine ni kamera. Mwaka 2007 B'Tselem ilianza kugawa kamera za video kwa familia zinazoishi karibu na makazi. Juni 2008 mwanamke wa Susya aliwasha yake na kurekodi wanaume waliofunika nyuso wakija kilimani na marungu na kuwapiga jamaa zake; picha hizo zilizunguka dunia. Filamu ya Emad Burnat wa Bil'in na Mwisraeli Guy Davidi, 5 Broken Cameras, iliteuliwa kuwania Oscar mwaka 2013. Ya Basel Adra, Hamdan Ballal, Yuval Abraham na Rachel Szor kuhusu Masafer Yatta, No Other Land, ilishinda tuzo hiyo Machi 2025. Wiki tatu baadaye Ballal alishambuliwa nyumbani kwake Susya na kukamatwa na jeshi, akaachiliwa siku iliyofuata.

Hata hivyo kamera hurekodi, haizuii. Mwaka 2005 mwanasheria Talia Sasson, katika ripoti iliyoagizwa na ofisi ya Waziri Mkuu, alionyesha kwamba zaidi ya vituo 100 visivyo na kibali vilikuwa vimejengwa kwa fedha za wizara za serikali. Kuanzia 2008 vijana wa vituo hivyo walikuwa wakilipiza kisasi kwa Wapalestina kila serikali ilipowagusa, wakichoma misikiti na magari. Julai 31, 2015, nyumba ya familia ya Dawabsheh katika kijiji cha Duma ilichomwa moto usiku. Mtoto Ali wa miezi 18 aliungulia ndani, na wazazi wake wakafariki katika wiki zilizofuata. Mlowezi Amiram Ben-Uliel alitiwa hatiani 2020. Februari 26, 2023, saa chache baada ya ndugu wawili wa Kiisraeli kuuawa kwa risasi katika mji wa Huwara, mamia ya walowezi waliuvamia mji huo na kuchoma nyumba na magari, na mkuu wa jeshi wa eneo hilo, Jenerali Yehuda Fuchs, aliita tukio hilo "pogrom", yaani shambulio la umati dhidi ya raia.

Amri ya muda ya Masafer Yatta ilikwisha Mei 4, 2022, Mahakama Kuu iliposema kwamba wakazi hawakuthibitisha kuishi hapo daima kabla ya uwanja wa mazoezi kutangazwa. Zaidi ya watu 1,000 wakabaki bila kinga ya sheria. Baada ya shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023, na vita vya Gaza vilivyofuata, walowezi wengi waliitwa jeshini kulinda maeneo yao wenyewe, hata mfugaji akawa hamjui anayemfukuza kama ni jirani au askari. Kijiji cha wafugaji cha Wadi al-Siq kilihamwa mwezi huohuo, na kile cha Khirbet Zanuta pia. Zanuta walipata amri ya mahakama ya kurudi mwaka 2024. Walirudi, wakasumbuliwa, wakaondoka tena.

Kwa kuwa polisi hawakukamata na mahakama hazikulinda, wanaharakati waligeukia nje. Februari 2024 Rais Joe Biden aliwawekea vikwazo vya fedha walowezi kadhaa wenye kutumia nguvu, na Uingereza, Ufaransa, Kanada na Umoja wa Ulaya wakachukua hatua kama hizo. Donald Trump alivifuta vya Marekani siku aliyoapishwa, Januari 20, 2025. Julai 19, 2024, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba kuendelea kuwapo kwa Israel katika maeneo hayo si halali na kwamba walowezi waondolewe. Jaji Julia Sebutinde wa Uganda alikuwa miongoni mwa waliopinga, akitaka mgogoro umalizwe kwa mazungumzo. Maoni hayo hayana nguvu ya kutekelezwa kwa lazima.

Julai 28, 2025, Awdah Hathaleen, mwalimu wa Umm al-Khair aliyesaidia kutengeneza No Other Land, alipigwa risasi na kufa kijijini kwake wakati wa mzozo kuhusu tingatinga la walowezi. Mlowezi aliyekuwa tayari chini ya vikwazo vya Uingereza alikamatwa kwa tukio hilo, kisha akaachiliwa. Mwili ulizuiliwa kwa siku kumi, na ukatolewa baada ya wanawake wa kijiji kugoma kula. Wiki mbili baada ya mazishi, Agosti 20, kamati ya mipango ya Israel iliidhinisha nyumba zipatazo 3,400 katika eneo la E1, mashariki mwa Jerusalem, palepale ambapo Januari 2013 wanaharakati wa Kipalestina walijenga kijiji cha mahema cha Bab al-Shams na kuondolewa na polisi baada ya siku mbili.